Mkono wa Fatma na ndege watakatifu: maana ni moja au kila mtu na yake?

Kuna watu wakiona alama mbili zinafanana tu basi washamaliza, ati mkono wazi ni kinga dunia nzima, ndege ni roho dunia nzima, watu wa kale walijua siri moja. Upande wa pili wanakuja na lao, kila jamii na alama yake na kufanana ni bahati tu. Mi naona wale wa kwanza wana pointi kwenye mkono, ila wakifika kwa ndege wanaanguka vibaya.

Mkono kwanza. Kile kiganja, mara nyingi kina jicho katikati, Waislamu wa Afrika Kaskazini wanakiita mkono wa Fatma, binti wa Mtume, Wayahudi wanakiita mkono wa Miriam, dada yake Musa, na wote wanakivaa shingoni au wanakitundika mlangoni kwa sababu ileile, kuzuia kijicho. Na hapo Khirbet el-Qom karibu na Hebron kuna kaburi la karne ya 8 kabla ya Kristo lina mkono umechongwa ukielekea chini, pembeni maandishi ya baraka ya Yahweh, Mungu wa Waisraeli, yaani mkono umeshakuwepo kabla hata Fatma hajazaliwa. Kwa hiyo sawa, hapo nawapa. Lakini usiniletee na mapango ya Sulawesi, Indonesia, yenye alama za mikono za miaka 39,900 au zaidi, mtu kaweka kiganja ukutani akapulizia rangi kuzunguka vidole, basi ukasema naye alikuwa anaogopa husuda!

Na hata wenyewe hawakubaliani. Washia wanauweka juu ya bendera zao za Muharram, vidole vitano ni Mtume, Ali, Fatma, Hasan na Husein, halafu kuna masheikh wanasema kuuvaa kama kinga ni shirki, wanashika hadithi inayokataza hirizi. Lango la Haki pale Alhambra, ngome ya Waislamu wa zamani huko Granada, Hispania, la mwaka 1348, lina mkono juu ya tao la nje, na hadi leo kuna wanaosema ni nguzo tano za Uislamu na wanaosema ni kinga tu.

Sasa ndege. Bundi kwa Waathene alikuwa wa Athena, mungu wa hekima, wakamtia mpaka kwenye sarafu. Waroma, ambao walichukua miungu mingi ya Wagiriki, wakisikia bundi analia wanajua kuna msiba. Bundi huyohuyo jamani.

Ila mfano unaonikaa zaidi ni ndege wa mawe wa Great Zimbabwe, yale magofu ya mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe. Wamechongwa kwenye jiwe laini, wana umbo la ndege lakini ukiwaangalia vizuri baadhi yao wana midomo ya mtu na vidole vya miguu badala ya kucha, ndo maana wengi wanawahusisha na mababu wa kifalme. Cecil Rhodes, yule mkoloni Mwingereza, akampata mmoja akamweka nyumbani kwake Cape Town. Walowezi wakamtia kwenye nembo ya Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, na nembo hiyo ikakaa kwenye bendera yao ya 1968. Mwaka 1980 wale waliopigana na hao walowezi wakapata uhuru, na bendera yao mpya ina nani? Ndege yuleyule. Kwa hiyo ukiniambia ndege huyu maana yake ni hii, nitakuuliza tu, kwa nani, na mwaka gani?