Drili, Kikoi na Lesi ya Bedford

Mke wangu alipojiunga na kina bibi wa Kiingereza wanaofuma lesi hapa Bedford, nilifurahi, nikidhani lesi ni ya kuvaa. Kumbe ni kazi. Unaweka mto mgumu uliojazwa majani makavu, juu yake karatasi yenye vitundu, unachomeka pini kwenye vitundu, kisha unapishanisha nyuzi, kila ncha ya uzi imezungushwa kwenye kijiti chake. Wenyewe wanaita bobini, ila ukizoea bobini ya cherehani hutaitambua. Ni kijiti chembamba cha mbao au mfupa, kama sentimita 10, na mkiani kina pete ya waya yenye shanga za kioo. Shanga zile si urembo tu: zinatia uzito uzi unyooke, na zinazuia kijiti kisibingirike juu ya mto huo.

Shanga hizo mziweke akilini.

Vijiti huenda viwili viwili, uzi mmoja kwa viwili, na nakshi pana inakula makumi ya jozi. Vyote sharti vizungushiwe uzi kwanza. Mama Asha alikuwa anazungusha kwa vidole mpaka usiku, na chai yangu imepoa jikoni. Mashine za kazi hiyo zipo tangu zamani: gurudumu la mbao lenye mkono, kamba inatoka hapo hadi kwenye kapi dogo, na kijiti kimekazwa kwenye kapi. Gurudumu likizunguka mara moja, kijiti kimeshazunguka mara nyingi. Nilipoona bei yake nikasema: mtoto wa fundi wa Mombasa akanunue gurudumu, na drili anayo?

Nikakata kipande cha mpira wa maji, nikakibana mdomoni mwa drili, nikachomeka humo kichwa cha kijiti. Drili nikaifunga mezani kwa tepu. Kitufe chake nacho nikakifunga kwa tepu, mikono yote miwili ibaki kuongoza uzi. Hiyo tepu ya kitufe naitetea hadi leo.

Siku ya majaribio mwalimu wa Mama Asha alikuwa kaalikwa chai, bibi mtulivu aliyepita miaka themanini. Nikachukua kijiti kilichokuwa karibu, cha mfupa. Hakuna aliyeniambia kuwa ni cha bibi, na kuwa amekirithi.

Nikawasha swichi ukutani. Drili ikalia, shanga zikapepea upande mmoja, meza ikatetemeka, waya ukakatika. Shanga moja ikagonga birika. Nyingine ikatumbukia kwenye bakuli la mbaazi. Nikainama kuifuata swichi, na hapo ndipo matamvua ya kikoi changu yakanaswa. Drili haichagui; imeambiwa ivute uzi, imeona uzi. Navuta huku, inavuta kule. Nguvu zangu nazijua, za drili zimeandikwa ubavuni mwake. Kikoi kikaenda. Mola ni Msitiri: ndani nilivaa bukta.

Mama Asha ndiye aliyechomoa plagi.

"Baba Asha," akasema, kisha akanyamaza. Waliooa kwetu wanajua kunyamaza huko ni matusi ya aina gani.

Bibi akavaa miwani, akasogea, akakifukua kijiti chake ndani ya furushi la kikoi, akakigeuza na kukigeuza. Nikajua sasa nasomewa habari za marehemu nyanya yake.

"Umezungusha kinyume," akasema. "Uzi huzungushwa kufuata mwendo wa saa. Hivi ulivyofanya, kitanzi cha kuuzuia hakitashika."

Akarudi kitini, akala mahamri, akakusanyiwa shanga zake kwenye kikopo, isipokuwa ile ya mbaazi, ambayo hatuna hakika kaila nani. Wakati wa kuaga akauliza kama anaweza kuazima drili, ua wake una mbao zilizolegea. Kabla sijafungua mdomo, Mama Asha alikwisha kuitia mfukoni, pamoja na tepu, na kumwambia asiwe na haraka ya kuirudisha.