Spea za gari kwenye mashine ya boti: zipi zikubaliwe, zipi zikataliwe

Fundi wa magari akifungua mashine ya petroli ya boti aina ya MerCruiser ya lita 5.7 anakuta bloku anayoifahamu: ni V8 ya Chevrolet, ile ile ya pikapu. Ndiyo maana anakushauri ununue staata ya gari, ni ya bei nafuu zaidi. Msimamo wetu ni mmoja: chochote kinachogusa petroli, cheche au maji ya bahari kiwe cha boti.

Petroli ikivuja kwenye gari hudondoka barabarani, mvuke ukachukuliwa na upepo. Kwenye boti yenye mashine ya ndani, mvuke huo, ambao ni mzito kuliko hewa, hushuka ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na kutuama. Ukifikia asilimia 1.4 tu ya hewa ya humo, unalipuka ukipata cheche. Na kaboni za staata, zile zinazopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, hutoa cheche kila unapowasha.

Staata ya boti imezibwa kwa sili, na oltaneta yake ina wavu mwembamba kwenye matundu ya upande wa kaboni, ili moto ukizuka ndani usitoke nje. Tafuta kibandiko chenye alama ya SAE J1171 au ISO 8846, viwango vya vifaa vya umeme visivyowasha mvuke wa petroli. Fundi umeme akiisuka upya staata hiyo bila kurudisha sili, kibandiko kinabaki lakini kinga imekwisha. Simama naye wakati anaifunga.

Kabureta nayo inadanganya kwa sura. Floti, yaani boya dogo linalofunga petroli ikijaa, ikikwama, kabureta ya gari hufurika na kumwaga petroli juu ya mashine iliyopata joto. Ya boti imepinda mirija yake ya hewa ili ziada iingie kwenye koo la kabureta, mashine ikose nguvu na kuzima. Pampu ya petroli ya boti ina diaframu mbili na kimrija kinachoonyesha ndani. Ukiona petroli kwenye kimrija hicho, diaframu ya kwanza imepasuka; badilisha pampu siku hiyo hiyo. Mpira wa mafuta uwe wa kiwango cha ISO 7840 A1, unaostahimili moto kwa dakika 2 na nusu.

Kama mashine inapozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari, thamostati, yaani valvu inayofungulia maji mashine ikipata joto, iwe ya nyuzi 60 hivi. Ya gari hufunguka kwenye nyuzi 82 au zaidi, na joto hilo huigandisha chumvi ndani ya njia za maji mpaka zizibe. Gasketi ya silinda hedi ya gari huliwa na kutu kwenye pete zake za chuma, maji yakaingia silinda.

Filta ya oili na fenibelti za gari chukua, mradi vipimo vilingane. Pistoni, ringi na beringi pia, ila za kazi nzito, kwa sababu boti hukaa saa nzima kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika ikiwa na mzigo. Kamshafti ya gari, ule mhimili unaofungua valvu, iache: huziacha valvu za kuingiza na kutoa wazi pamoja kwa muda mrefu, na mashine huvuta maji kutoka kwenye ekzosi.

Kwa dizeli hatari ya mlipuko ni ndogo, kwa hiyo staata ya lori inaweza kutumika. Adui wa staata hiyo ni kutu. Lakini ukihifadhi dumu la petroli la mashine ya kupachika kwenye chumba hicho hicho cha mashine, staata hiyo haifai tena.