Tusimchome popo kwa kosa letu

Kila asubuhi jirani yangu akishawamwagia kuku chakula, shomoro wanashuka kutoka juu ya mabati. Wanadonoa punje katikati ya mavi ya kuku, kisha wanakunywa kwenye karai lilelile la kuku, lenye maji ya manjano. Umanjano ule ni antibiotiki ya unga kutoka agroveti. Kuku mmoja akikohoa, kundi zima linanyweshwa, na daktari wa mifugo hajaitwa.

Wiki iliyopita popo walianza kuning'inia kwenye mwembe wetu, na mara nikasikia: "Wachomwe, hao wanaleta magonjwa." Iliniuma.

Hapa hapa Nairobi watafiti walipita kaya 99 wakichukua sampuli za watu, mifugo, ndege, popo na panya. Walitafuta bakteria wa E. coli, kisha wakaangalia ni dawa zipi ameshakuwa sugu kwazo, yaani hazimuui tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Bakteria sugu walikuwa wengi zaidi kwa watu na mifugo kuliko kwa wanyamapori, na haukupatikana ushahidi kwamba wanyamapori wa mjini ndio chanzo kikubwa cha usugu unaotusumbua. Mimi nasoma hapo kwamba ndege anaokota tulichomwaga sisi.

Na E. coli ni jina moja la ukoo mkubwa mno. Mwaka 2002 jenomu (yaani jeni zote za kiumbe) za aina 3 zililinganishwa, na protini zilizopatikana kwa zote tatu hazikufika hata asilimia 40. Wengine wanaishi tumboni mwetu bila kutudhuru, wengine wanawafanya watu waharishe damu. Tena wanapeana jeni: kipete kidogo cha DNA kiitwacho plasmidi kinahama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na usugu unahama nacho. Na dawa inayonyweshwa ovyo inaua bakteria dhaifu na kuwaacha wale sugu. Kwa hiyo kile kikarai cha manjano kinanitia hofu kuliko mwembe wote.

Popo mwenyewe ni kiumbe wa ajabu. Wazee walisimulia kwamba hajulikani ni ndege au mnyama. Mwaka 2020 utafiti uliogusa karibu spishi 900 za wanyama wenye uti wa mgongo ulionyesha kwamba bakteria wa utumbo wake wanafanana na wa ndege kuliko mtu angetarajia kwa mamalia. Anayeruka anahitaji wepesi: utumbo wake ni mfupi, chakula hakikai, na inaelekea hawategemei sana bakteria wake kama ng'ombe anavyowategemea wa tumboni mwake.

Sisemi tumshike popo mikononi. Ana virusi vyake, na embe aliloliuma litupwe. Ila kumchoma moto hakutasafisha samadi iliyo wazi wala choo kinachovuja mtaroni.

Jumamosi mimi na jirani tulifunika lundo la samadi kwa turubai. Kuhusu ile dawa ya unga, bado tunabishana.