Kutolewa ukumbini si dharau

Eti kwenye maonyesho ya paka, kuwatoa ukumbini wenye paka wakati majaji wanapita ni majivuno tu ya majaji? Nakataa. Naishi Uingereza na huwa namsaidia jaji kushika paka kwenye maonyesho ya GCCF, chama cha paka cha huku, yale ya mtindo wa zamani. Vizimba vyote vinafanana: blanketi jeupe, bakuli jeupe, trei nyeupe ya mchanga, na namba basi. Jaji anapaka dawa ya kuua vijidudu mikononi kabla ya kila paka, na mimi ni marufuku kumnong'oneza huyu ni wa nani. Sasa mwenye paka akisimama pale pembeni akikohoakohoa, siri iko wapi? Ila kwa jamii adimu, nakiri, jaji mzoefu anamjua paka kwa sura tu, namba au hakuna namba. Afadhali lakini kuliko Crystal Palace, London, mwaka 1871, ambako Harrison Weir aliandaa maonyesho ya paka, akawa jaji, na paka wake mwenyewe akapata zawadi! TICA, chama cha paka cha kimataifa, wao jaji anahukumu hadharani, anaeleza kwa sauti mbele ya watu. Mliowahi kushindanisha paka kote kuwili, wapi mliona haki zaidi?