Nimepanda Treni Kwenda Kuhesabu Giza

Hivi jamani naomba niulize, mtu mzima na ndevu zake akisema anapanda treni kwa sababu anapenda treni kosa lake liko wapi? Mtu akienda kwa Mkapa kuangalia mpira hakuna anayemuuliza una ndugu yako uwanjani, mtu akishinda baa toka saa nne asubuhi tunasema anapumzisha akili, ila mi nikisema Ijumaa napanda treni usiku kucha mpaka Mbeya halafu narudi, mtaa mzima wa Yombo unanitazama kama nimetangaza kuhamia mwezini.

Chanzo chenyewe ni kijiwe cha kahawa. Pale tuna jamaa yetu mmoja fundi friji, mbishi huyo, ukimwambia leo Jumanne anakuuliza nani kasema. Sasa siku hiyo nilikuwa naeleza zangu taratibu kuhusu TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, kwamba ni kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi huko Zambia, kwamba Mchina kaijenga kuanzia 1970 mpaka 1975 wakati Zambia ina shaba yake imekwama haina pa kuipitishia kwa sababu ya Rhodesia ya Smith, Zimbabwe ya leo, watu wamenyamaza wananisikiliza, raha tupu. Nikakosea nikasema ina mahandaki 22. Fundi friji akaweka kikombe chini. "Ishirini na tatu."

Aisee. Nikamwambia nimesoma, akasema na ye kasoma. Tukatoa simu. Hapo ndo ikawa balaa kabisa maana ukifungua huku imeandikwa 22 ukifungua kule 23, muuza kahawa katikati yetu kama refa aliyeibiwa filimbi. Tukawekeana dau, anayeshindwa ananunua kahawa na kashata za kijiwe kizima mwezi mzima, na kijiwe chetu kina wazee wanaokula kashata kama wanalipwa. Nikasema poa, mi naenda kuyahesabu kwa macho yangu.

Nyumbani sasa. Mama watoto anakuna nazi, nikamwambia mama, Ijumaa nasafiri, Mbeya. Kuna msiba? Hakuna. Kazi? Hapana. Sasa Mbeya unaenda kufanya nini baba fulani? Nikasema kuhesabu mahandaki. Akaacha kukuna. Akanitazama mudaaa, halafu akauliza kwa sauti ya chini ile mbaya, "Hilo handaki linaitwa nani?"

Nilieleza mpaka koo likakauka. Akampigia dada yake, nikamsikia chumbani anasema "eti kuhesabu, dada, ye kaniona mi mtoto." Mwisho karuhusu, kwa masharti: nirudi na mchele wa Kyela kilo ishirini. Dada yake akasikia mchele, na ye ishirini. Jirani akasikia, parachichi. Mama mwenye nyumba viazi, tena akasisitiza vile vyekundu. Yaani mpaka Alhamisi usiku safari yangu ya mapenzi ya reli imeshageuka kuwa lori la Kariakoo. Tena mwaka wenyewe ni 2024, mwezi wa saba, watu wote wanaongelea SGR, ile reli mpya, kuanza kwenda Dodoma, kila mtu ananiuliza kwa nini usipande ile ya umeme kama unapenda treni kweli.

Hapa niseme ukweli wangu mtanisamehe. SGR ni nzuri, nimepanda, kilomita 160 kwa saa, sina ugomvi nayo. Lakini ile si safari ile ni lifti iliyolazwa ubavu. Unakaa, unafungua maji, unatafuta tundu la chaja, wanasema jiandae kushuka Dodoma. Hujalala, hujaota, hujafahamiana na mtu, hujui jirani yako ana watoto wangapi. Treni ni usiku bwana. Treni ni uamke saa tisa usiku hujui uko wapi na hamna wa kumuuliza maana wote wanakoroma.

Na kitu watu wa Dar hawajui wanacho, sisi mji wetu una reli za aina tatu na hakuna hata treni moja inayoweza kupita juu ya reli ya mwenzake! Ile ya Kati ya Mjerumani, iliyofika Kigoma 1914, upana wake kati ya chuma na chuma milimita 1,000. TAZARA 1,067, kwa sababu ilibidi ishikane na reli za Zambia na huko kusini. SGR 1,435. Ni kama mzee mwenye wake watatu kwenye uwanja mmoja, kila mmoja na jiko lake na hawaazimani chumvi. Kule Kidatu ile ya Kati na TAZARA zinakutana kabisa uso kwa uso, mzigo inabidi ushushwe huku upandishwe kule, milimita sitini na saba tu hizo! Nimewahi kumweleza haya abiria mwenzangu kwenye daladala ya Gongo la Mboto akashuka kabla ya kituo chake.

Ijumaa nikafika stesheni ya TAZARA mapema kuliko wabeba mizigo. Si unajua tena, lazima utembee uone kichwa cha treni, uandike namba, uhesabu mabehewa, uchungulie magurudumu. Nikiwa nimeinama pale na kidaftari changu mama mmoja mwenye beseni akamnong'oneza mwenzake, nikasikia, "huyo usalama." Mwenzake akasema hapana, usalama hawavai ndala, huyo mtu wa vyuma chakavu, anapima bei. Nikasimama wima nikaanza kujifanya naangalia ndege.

Tiketi yangu daraja la pili, chumba cha vitanda sita, wanaume peke yetu maana kwenye vyumba hivyo wanaume kwao na wanawake kwao, taarifa ambayo nilimtumia mama watoto kwa meseji nikiwa nimepiga na picha ya chumba. Akajibu "sawa." Na nukta. Wenye ndoa mnajua nukta ile.

Mule ndani tulikuwa na mzee mmoja wa Makambako, vijana wawili wa chuo ambao walilala toka Dar kama wamezimwa swichi, mfanyabiashara wa dagaa wa kwenda Mbeya na mwanawe wa kiume miaka kama sita hivi, na gunia. Gunia la dagaa lilikuwa abiria wa saba. Lilikaa chini ya kitanda changu na usiku mzima tulikuwa tunapumua pamoja.

Jioni tukaingia kwenye mbuga, ile sehemu ambayo toka 2019 inaitwa Hifadhi ya Nyerere zamani tulikuwa tunasema Selous tu. Watu wote wamehamia dirisha la kushoto, kelele, twiga! twiga! wako wengi! Mi niko dirisha la kulia nasoma nguzo ya kilomita. Kugeuka, twiga kaisha. Dogo akaniuliza, "Anko umemuona?" Nikasema ndio. Mungu anisamehe.

Tukaenda bufee nikapata wali kuku, hapo sina neno, halafu nikarudi kuongea na mzee. Shikamoo mzee wangu. Marahaba mwanangu. Katika mazungumzo kumbe mzee ujanani alikuwa kibarua humuhumu kwenye reli wakati inajengwa, kachimba na Wachina hukohuko milimani! Moyo ukanidunda. Nikasogea, nikasema mzee wangu basi we ndo shahidi niliyekuwa namtafuta, hebu niambie, mahandaki ni mangapi jumla?

Mzee akafikiri. Akafikiri tena. "Mwanangu, sisi tulikuwa tunachimba. Hatukuwa tunahesabu." Akajifunika shuka, dakika mbili nyingi akaanza kukoroma, na yale makoromeo si ya kawaida, yalikuwa na gia. Yanapanda mlima kabla ya treni.

Sasa mengi ya mahandaki hayo yako kati ya Mlimba na Makambako, pale reli inapoacha bonde la Kilombero na kuanza kuparamia. Mengine sikutaka kubahatisha yako wapi kwa hiyo nilikuwa nimeapa sifumbi jicho toka Mlimba mpaka Mbeya. Mbinu nilishaiandaa Dar kabisa. Kalamu na karatasi gizani utaandikaje? Simu itaisha chaji. Nikanunua karanga za kukaanga za buku, nikajaza mfuko wa kushoto wa shati, kila handaki moja karanga moja inahama kwenda mfuko wa kulia. Hesabu haipotei hata ukipitiwa na usingizi kidogo. Nilijiona nina akili sana.

Mlimba tukapita usiku mnene. Baada ya hapo treni ikaanza kunguruma ile ya kubeba mzigo, taa za nje zikaisha, na ghafla sauti ikabadilika, ule mlio unakuwa kama uko ndani ya debe. Handaki! Karanga ya kwanza ikahama. Ndugu zangu mi mtu mzima nilitokwa na machozi kidogo. Dogo akaamka akaniuliza nini, nikamwambia handaki, akasema "giza ndani ya giza?" na huo mimi nauita ushairi. Akahamia kwangu dirishani. Basi ikawa kila sauti ikibadilika dogo anapiga kelele "Giza!" karanga inahama, kumepambazuka sasa unaona milima imejaa ukungu, madaraja marefu unatazama chini unaona vichwa vya miti, "Giza!" karanga, tunatoka tunaingia, mzee anakoroma kwa gia ya kwanza, raha ambayo siwezi kumweleza mtu na ndo maana sielezi.

Tatizo baridi. Mimi mtoto wa Dar nimeenda na shati la mikono mifupi na ndala, nimejiandaa kwa mahandaki sijajiandaa kwa hali ya hewa. Reli ile inatoka usawa wa bahari inapanda mpaka mita 1,789 huko Uyole, hiyo namba nilikuwa naijua toka zamani ila sikujua kwamba ina meno. Tukakaribia Makambako taya zinagongana kama cherehani. Baba wa dogo akaniambia mpakate huyo mtoto mtapashana joto, nikampakata, upande wa kulia. Hapo shika neno. Upande wa kulia.

Mzee akashuka Makambako, akaniaga, "hesabu vizuri mwanangu." Safari ikaendelea, nami naendelea kuhamisha karanga nikisikia sauti imebadilika, mtoto katulia mapajani wala hasemi tena "giza," nikadhani kalala. Heshima ya mtoto mtulivu hiyo. Kumbe.

Mbeya. Nashuka, jua lipo ila halifanyi kazi, nikakaa kwenye benchi nikamwaga mfuko wa kulia kwenye leso kwa shangwe kubwa. Karanga kumi na saba.

Nikahesabu tena. Kumi na saba. Nikatazama chini, nikapapasa shati, halafu nikamtazama dogo. Mdomo wake ulikuwa na chumvi.

"Dogo. Umekula ngapi?"

"Tano, anko."

Kumi na saba na tano, ishirini na mbili! Nikaruka. Nikamshika mkono nikamshukuru, nikamwambia we ni mtoto mwema sana, nikaanza kutafuta simu nimpigie fundi friji. Baba yake akafungua mdomo, na mimi toka siku hiyo dagaa wa mtu huyo sinunui hata waje bure. "Hapana, we, usimdanganye mzee wa watu. Mi nilikuona unatafuna mara sita."

"Ile moja niliiokota chini," dogo akasema.

Sasa niambieni. Karanga ya chini ilitoka wapi? Kama ilidondoka mfuko wa kulia ni handaki, kama ilidondoka mfuko wa kushoto ni karanga tu. Nilimhoji yule mtoto nusu saa nzima pale stesheni, ilikuwa upande gani, karibu na mguu upi, mpaka akaanza kulia na watu wakaanza kukusanyika, na unavyojua mwanaume mgeni na ndala na mtoto analia, nikaona niwaache waende.

Nikarudi Dar kwa basi, kwa sababu kilo arobaini za mchele, viazi na parachichi havisikilizi mapenzi ya mtu. Mama watoto kapokea mchele, kaupima, kanusa shati langu. Lilikuwa linanuka dagaa kupita maelezo. Akacheka kwa mara ya kwanza wiki nzima, akaniambia nenda kaoge, nikajua nimesamehewa.

Jioni kijiweni nikaeleza yote, sikuficha hata karanga ya chini. Wazee wakagawanyika, nusu wanasema iliyookotwa inahesabiwa nusu wanasema haihesabiwi, mmoja akataka aitwe shehe. Fundi friji hakusema kitu, anakunywa tu kahawa yake anazungusha kikombe. Mwishoni akaniuliza taratibu kabisa.

"Na kutoka Mbeya mpaka Tunduma ulipita?"

Nikasema sikupita.

Akamgeukia muuza kahawa. "Wape wote kashata. Analipa huyu."