Pesa ya korosho isiishie kwenye kalipa nyekundu

Msimu wa korosho ukinoga huku kwetu Mtwara, huhitaji kuuliza bei ya mnada. Unaona bodaboda mpya barabarani, unaona mabati yanapakiwa kwenda Tandahimba, na mimi naona vijana wanaingiza magari uani kwangu Shangani kuniuliza maswali. Mimi si fundi. Nina Toyota Altezza ya mwaka 2001, ya gia sita za mkono, ambayo nimeiharibu na kuitengeneza mara nyingi hadi watu wakadhani ni utaalamu.

Wiki iliyopita alikuja mtoto wa dada yangu, naye ana Altezza kama yangu. Pesa mfukoni, picha kwenye simu: kalipa kubwa nyekundu, yaani kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski, na diski zenyewe zimetobolewa matundu kama chujio la tui. "Mjomba, nataka breki zishike."

Sisi Wamakonde mjomba ana neno lake, kwa hiyo nilimkalisha kwanza.

Nikamuuliza: ukiwa kwenye sabini, ukakanyaga breki kwa mguu wote, ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge, inakugonga mguuni au haigongi? Akasema inagonga, tena mapema. Basi, nikamwambia, breki ulizonazo tayari zina nguvu kuliko tairi zako. ABS haigongi kwa sababu breki ni dhaifu. Inagonga kwa sababu tairi limeanza kuteleza, na kompyuta inaachia kidogo ili lishike tena. Ukifunga kalipa ya ukubwa wa tofali, itaifikisha tairi kwenye kuteleza kule kule, pengine mapema zaidi. Gari litasimama pale pale lilipokuwa linasimama.

Tukatoka kwenda kuziangalia tairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zake mbili za mbele zilisomeka 1114, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Mtumba, alizifunga kwa sababu kashata, yale matuta ya mpira yanayokanyaga lami, zilikuwa bado zimesimama. Kashata zilikuwepo, sikatai, lakini mpira ulikuwa umekauka kama ngozi ya ngoma. Tairi la namna hiyo kwenye lami yenye mvua ya Februari halina cha kuzungumza na breki yoyote duniani.

Hapo ndipo ninapogombana na vijana wengi. Pesa inaanza kwenye kinachoonekana kupitia matundu ya rimu na kuishia huko. Mimi nasema ianzie kwenye vile usivyoviona: tairi, halafu fluidi, yaani mafuta ya breki, halafu pedi, halafu pini za kalipa. Diski na kalipa kubwa zije mwisho, kama zitakuja kabisa.

Kwa nini fluidi ije mapema hivyo? Nitasimulia yangu.

Miaka kadhaa nyuma nilikwenda Newala kuchukua wageni wa harusi. Kurudi nikaamua kupitia Masasi, watu watano ndani, mizigo hadi kwenye miguu ya abiria. Anayeijua Newala anajua kwamba mji umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde. Ukitoka kuelekea Masasi unashuka, na unashuka kweli. Mbele yangu lori la magunia linajikokota. Kupita hakuna, nikawa nakanyaga breki, naachia, nakanyaga. Mtu mwenye akili angeshuka na gia ya pili, injini ikazuia. Mimi nilikuwa na wageni, nataka safari iwe laini, kwa hiyo gia ya nne na mguu kwenye breki.

Karibu na chini, pedeli ikazama. Haikuwa ngumu, haikugonga, ilizama tu kama unakanyaga sifongo. Nikapampu mara tatu, ikarudi nusu. Nikaingiza gia ya pili kwa nguvu, injini ikapiga kelele, nikavuta hendibreki taratibu, tukasimama pembeni. Mama mmoja nyuma akauliza kama tumefika. Sikumjibu.

Kilichotokea ni hiki. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,400 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa limebeba nguvu ya kilojuli kama 540, na yote hiyo lazima iishie kwenye diski na pedi. Kwenye kilomita 50 ni robo yake tu, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Sasa kwenye mteremko mrefu joto linaingia bila kupumzika, linapita kwenye pedi, linaingia kwenye kalipa, linaifikia fluidi. Fluidi ikichemka inatoa mapovu, na povu hubonyea. Mguu wako unakandamiza mapovu badala ya kusukuma pistoni.

Fluidi mpya ya daraja la DOT 3 inapaswa kuvumilia angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. DOT 4 ni 230, na DOT 5.1 ni 260. Lakini hizo ni namba za chupa iliyofunguliwa leo. Fluidi hii inavuta maji kutoka hewani, na ikishafikisha maji asilimia 3.7 kiwango kinashuka: DOT 3 inabaki na 140, DOT 4 na 155, DOT 5.1 na 180. Sisi tunaishi kando ya bahari, hewa ya Mtwara unaweza kuikamua kama nguo. Yangu nilipoifungulia ilitoka na rangi ya chai ya mkandaa. Tangu ninunue gari sikuwahi kuibadilisha. Nilikuwa naongezea tu.

Kwa hiyo: DOT 4, chupa iliyofungwa, ibadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, na fundi atoe upepo kwenye mirija ya breki ya magurudumu yote manne. Nusu chupa iliyobaki usiiweke kabatini ukaitumia mwakani. DOT 5 yenyewe, ile isiyo na alama ya .1, ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine. Duka likikupa kwa sababu "namba ni kubwa", rudisha. Kazi yote hii ni chini ya bei ya tairi moja, na kwa mtu anayeshuka Newala haina mbadala.

Pedi ndiko feki zilikojaa. Nilishafungiwa pedi mpya na gereji moja ambazo, mwezi wa tatu tangu zifungwe, gamba, ule upande unaosugua diski, lilibanduka kwenye bati lake. Nilikuwa Mikindani, naingia kwenye ile njia inayozunguka ghuba, nikasikia chuma kwa chuma. Tangu siku hiyo nazisoma pedi kabla ya kulipa. Nyingi zimeandikwa ubavuni herufi mbili mwishoni mwa msururu wa namba: EE, FF, GG na kadhalika. Herufi ya kwanza inaeleza inavyoshika ikiwa na joto la kawaida, ya pili inavyoshika ikiwa na moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari la mtaani lenye moyo kidogo mimi natafuta FF, na siendi zaidi. Herufi ya pili ikiwa chini ya ya kwanza, jua zinalegea zikipata joto, na hapo ndipo unapozihitaji. Feki nazo zinaweza kuandikwa herufi, ndiyo, kwa hiyo angalia na mengine: gamba limekaa sawa kwenye bati, kingo hazimeng'enyeki kwa ukucha, boksi halina makosa ya tahajia. Akebono na Advics ni miongoni mwa wanaovitengenezea breki viwanda vya magari vya Japani. Ukipata za kweli huhitaji jina la mashindano.

Na pedi za mashindano zenyewe? Achana nazo. Zimeundwa zishike zikiwa za moto sana. Asubuhi unatoka nyumbani Chuno, mbuzi wa kwanza anakatiza kabla hujafika lami, na pedi bado zimelala.

Ukishafunga mpya, zizoeshe na diski. Tafuta kipande kitupu cha barabara, ongeza hadi 80, punguza hadi 20 kwa breki ya wastani bila kusimama kabisa, rudia mara nane au kumi, halafu endesha taratibu hadi zipoe. Usisimame na mguu kwenye breki zikiwa za moto, maana pedi inaacha alama yake pale ilipobana. Wengi wanaosema diski "imepinda" na usukani unatetema, tatizo lao ni gamba la pedi kuganda bila usawa, wala si chuma kilichopinda. Wanakimbilia kwa fundi wa lathe kuzichonga, wanazipunguza unene, na kila diski imeandikwa unene wa chini unaoruhusiwa. Ukipita hapo unabaki na bati la kukaangia chapati.

Diski zenye matundu sitazizungumzia sana. Kwenye gari la mtaani matundu yanapunguza chuma cha kubeba joto, na zile za bei nafuu hupasuka kuanzia tundu hadi tundu. Diski nzima, yenye njia za hewa katikati, ya saizi ile ile ya kiwandani, inatosha kabisa.

Kitu ninachokipenda zaidi ya vyote ni pini. Zile kalipa zinazoteleza kwenye pini mbili, chumvi ya hapa kwetu inazikamata polepole. Pini ikikwama, pedi moja inaisha huku mwenzake bado mnene, gari linavuta upande, na mwenyewe unalalamika kwamba breki za kiwandani ni dhaifu. Zitoe, zisafishe, zipake grisi ya breki yenyewe. Ile grisi ya kawaida ya bearingi inavimbisha mipira, usimruhusu fundi hata kama ni shemeji yako. Mimi nafanya mara moja kwa mwaka, Jumapili, nikiwa na kahawa. Wakati huohuo naangalia mipira ya kupitishia fluidi. Ya miaka ishirini huvimba ukikanyaga na pedeli inakuwa laini. Mipya ya kawaida inarudisha ugumu. Ile iliyosukwa kwa nyuzi za chuma ni mizuri, ila ukiwa na pesa ya kuchagua kati yake na tairi, unajua nitakachosema.

Nisionekane nachukia kalipa kubwa. Rafiki yangu wa Lindi ana Impreza, naye alipata kalipa za mtumba za Subaru zenye pistoni nne, zile zinazokwenda na diski za milimita 294. Njia hiyo naiheshimu kwa sababu ni kiwanda kilekile kimechora, zinafunga bila kuchomelea kitu. Lakini alidhani amenunua kalipa, kumbe amenunua msafara. Rimu zake za inchi 15 hazikupita, zikahitajika za 16. Rimu mpya zikadai tairi mpya. Kalipa zenyewe zilihitaji mipira ya ndani na vifuniko vya vumbi, kisha diski, kisha pedi za umbo lake. Breki zake sasa ni nzuri kweli, hasa akitoka Dar na kupunguza kwenye kila kibao cha hamsini kuanzia Kibiti hadi nyumbani. Ila nusu ya uzuri huo, namwambia kila siku, ni zile tairi alizolazimika kununua.

Anayechomelea vishikio ili kufunga kalipa ya gari jingine kabisa, huyo simshauri, namkwepa barabarani. Pistoni zikiwa kubwa kuliko master silinda, ile inayosukumwa na pedeli, ilivyokusudiwa, pedeli inakwenda chini zaidi. Na mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma, ambao kiwanda kiliupima, unabaki kwa makadirio ya mtu mwenye mashine ya kuchomelea.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho, ambalo si jambo dogo. Amenunua tairi nne, pedi, na DOT 4. Jumamosi tulishinda uani tukisafisha pini, moja ya nyuma kulia ilikuwa imeganda kabisa, ikabidi tuipige moto kidogo. Jioni akajaribu barabara ya uwanja wa ndege, akarudi ametulia.

Halafu akaniuliza kama pesa iliyobaki inatosha kopo la rangi nyekundu.

Nikamwambia ipo moja stoo, ya kustahimili joto, imebaki nusu. Asipake kwenye mipira.