Kura ya Kwenye Kochi

Jamani, nani kawaambia kupiga kura kwa posta ni raha tupu? Unakaa kwenye kochi, chai pembeni, hakuna foleni, hakuna wakala wa chama anayekukodolea macho, hakuna wino kidoleni. Sawa. Hiyo ni sehemu ya karatasi, na karatasi haimsumbui mtu sana hapa Marekani. Unaziba viduara kwa kalamu nyeusi au ya bluu, unaziba vijae, huweki vema wala mkasi, basi. Kinachotutoa jasho ni bahasha.

Maana karatasi inasomwa na mashine, lakini bahasha inakaguliwa kwanza. Bahasha ikianguka, iliyomo ndani haisomwi hata kama uliijaza kwa rula.

Kwanza muombe Mungu uwe umeangukia jimbo la maana. Oregon wananchi walilipitisha jambo hili la kumtumia kila mpiga kura karatasi mwaka 1998, na tangu mwaka 2000 uchaguzi wao mkuu unakwenda kwa posta. Washington, Colorado, Utah na Hawaii wakafuata. Mwaka 2020, wa korona, zaidi ya wapiga kura 4 katika kila 10 nchi nzima walitumia posta, na mwaka uliofuata California, Nevada na Vermont wakaliandika moja kwa moja kwenye sheria zao. Huko huombi kitu. Umejiandikisha, karatasi inakuja yenyewe kama bili ya umeme.

Sasa shuka Texas, waliko ndugu zetu tele, Houston, Dallas, Fort Worth. Huko lazima uwe na sababu. Uwe na miaka 65 na kuendelea, au mgonjwa, au mlemavu, au uwe nje ya kaunti kipindi chote cha kura za mapema na siku yenyewe, au uwe ndani ya jela lakini bado una haki yako ya kura, au uwe unatarajia kujifungua ndani ya wiki tatu kabla au baada ya uchaguzi. Wiki tatu! Mimba nayo ipange tarehe na tume. Aliyejifungua wiki tano nyuma abebe kichanga akapange foleni. Kazi ya usiku, gari bovu, watoto watano wa kupeleka shule, hizo zote si sababu, hizo ni maisha.

Na fomu ya maombi ni ya kila mwaka, ya mwaka jana imekwenda na mwaka wake. Iwe imefika ofisini, si imetumwa, nasema imefika, siku 11 kabla ya uchaguzi. Halafu sheria ya 2021 ikaongeza kisanduku cha namba: leseni ya udereva, au namba nne za mwisho za soshali sekyuriti, yaani hifadhi ya jamii, na namba hiyo ilingane na iliyo kwenye faili lako. Faili la lini? La siku uliyojiandikisha, enzi hizo simu zina vitufe. Umejiandikisha kwa soshali, leo umeandika leseni, kompyuta inakuuliza wewe nani. Ndiyo maana wajuzi wanasema andika zote mbili, usibahatishe. Na kisanduku chenyewe wamekiweka chini ya mfuniko wa bahasha, pale penye gundi, eti kulinda siri yako. Siri imelindwa mpaka mwenyewe hukuiona. Kwenye mchujo wa Machi 2022 kura zaidi ya 20,000 zilitupwa, kama 12 katika kila 100 za posta. Wazee waliopiga kura tangu enzi za Nixon wanafelishwa na mfuniko.

Pennsylvania wao hawataki sababu, tangu sheria ya 2019 yeyote anaomba. Ila bahasha ni mbili. Karatasi inaingia kwenye bahasha ya siri, ya siri inaingia kwenye ya nje. Ukiruka ile ya ndani, hiyo wenyewe wanaiita kura uchi, na Mahakama Kuu ya jimbo ilisema mwaka 2020 kwamba uchi hauhesabiwi. Usiandike chochote kwenye ile ya siri, hata alama ya kumsalimia karani.

Kisha ile ya nje ina nafasi ya tarehe. Sasa sikiliza. Tarehe hiyo haina kazi. Kura inagongwa muhuri ikifika ofisini, ina msimbo pau, wanajua imetoka lini na imerudi lini. Lakini kwa miaka kadhaa maelfu ya kura ziliwekwa kando kwa sababu tarehe haipo au imekosewa, kesi juu ya kesi. Na sisi ndio tulioumbwa kukosea hapo. Mtu wetu akisaini tarehe 5 Oktoba anaandika 5/10, Mmarekani anasoma Mei 10, wakati huo hata wagombea hawajapatikana. Mwingine akiona neno tarehe, mkono wenyewe unakwenda kwenye tarehe ya kuzaliwa, na ndugu zetu waliopitia kambi za wakimbizi wengi wamezaliwa Januari mosi kwa kalamu ya ofisa. Mwezi kwanza, jamani. Mwezi, siku, mwaka. Tarehe ya leo, si ya kuja duniani.

Haya, saini. Hapa ndipo watu wanapopukutika kuliko pote. Majimbo mengi yanayotuma kura kwa kila mtu hayataki shahidi, yanachukua saini ya bahasha na kuilinganisha na ya kwenye faili. Ya kwenye faili uliiweka wapi? Mara nyingi kwenye ofisi ya leseni, juu ya kile kioo kidogo, kwa kalamu isiyo na wino, foleni nyuma yako inakohoa. Ikatoka herufi moja na mkia. Leo umetulia kwenye kochi, roho safi, unaandika kwa mwandiko wa darasa la nne, Mwanahamisi Juma Shomari, herufi zimeshikana mikono. Mhakiki anaangalia mkia, anaangalia Mwanahamisi, anaona watu wawili.

Na si utani. Mkaguzi Mkuu wa jimbo la Washington alichunguza uchaguzi wa 2020 akakuta kura za watu weusi zilikataliwa kwa kiwango mara nne ya za wazungu, na za vijana zaidi ya za wazee. Hakukuta ushahidi kwamba wahakiki walipendelea mtu. Mara nne, na hakuna aliyefanya! Basi imefanya bahasha yenyewe.

Kwa hiyo toa leseni, iweke mezani, uige mkia wako mwenyewe. Umeolewa ukabadili jina, umeapa uraia ukapunguza majina matatu yakawa mawili, mkono umelegea baada ya kiharusi, jaza upya fomu ya usajili mapema, wapate saini mpya. (Na kwa kuwa tumetaja uraia: mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukaazi tu, asiguse, hata kama karatasi imemfuata nyumbani kwa makosa ya kompyuta. Hiyo inaweza kukurudisha kwenu kwa ndege usiyoilipia.)

Tena nyumba zetu zina watu. Bahasha tano mezani, rangi moja, baba anasaini ya mama, mama anasaini ya Baraka. Kila bahasha ina jina na msimbo wake, zikipishana zote zinakwama. Na mume asimsainie mke ati kwa sababu yuko zamu. Hiyo wenzetu hawaiiti upendo, wanaiita jinai.

Bibi asiyejua Kiingereza je? Sheria ya shirikisho inampa haki ya kusaidiwa na amtakaye, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa mwajiri, au wa chama chake cha wafanyakazi. Na msaidizi anahitajika kweli, maana Kiswahili hakimo kwenye lugha ambazo sheria hiyo inazilazimisha kaunti zitafsiri. Wamo wa Kihispania, wa lugha za Asia, na wenyeji asilia wa Marekani na Alaska. Sisi tujitegemee, tumezoea. Ila Texas huyo msaidizi naye aandike jina, anwani na asaini kiapo kwenye bahasha. Mjukuu akisahau, bibi ndiye anayeadhibiwa.

Kuna majimbo yanataka mashahidi. Wisconsin mmoja, na aandike anwani yake. North Carolina wawili, au notari, yule ofisa wa kuthibitisha saini. Alabama wawili au notari, pamoja na kopi ya kitambulisho na sababu ya kutofika kituoni. Mzee anayeishi peke yake atoe wapi mashahidi wawili? Amshike mleta mizigo mlangoni, na wa pili amngoje kesho.

Posta sasa. Watu wanadhani ukidumbukiza barua saa kumi na moja jioni, tarehe imegongwa. Muhuri haupigwi kwenye sanduku, unapigwa kwenye kituo cha kuchambua barua, na kituo kinaweza kuwa mji mwingine, kesho au keshokutwa. Wakati huo Colorado wanataka kura iwe mikononi mwao saa moja usiku siku ya uchaguzi, Pennsylvania saa mbili. Majimbo mengine yamekuwa yakipokea iliyogongwa muhuri kwa wakati hata ikichelewa siku kadhaa, na jambo hilo halitoki mahakamani. Posta wenyewe wanasema tuma angalau wiki moja kabla. Umechelewa? Ingia mpaka dirishani, mwambie karani agonge kwa mkono ukiona. Hatozi kitu. Stempu California, Oregon na Washington wamekulipia. Kwingine karatasi zikiwa nzito stempu moja inaweza isitoshe, ingawa utaratibu wa posta ni kuifikisha tu na kuidai ofisi ya uchaguzi.

Au tumia masanduku ya kudondoshea, kama yapo. Washington sheria inataka moja kwa kila wapiga kura 15,000. Texas mwaka 2020 gavana aliamuru sehemu moja ya kupeleka kwa kila kaunti, na kaunti ya Harris, yenye Houston, ina watu zaidi ya milioni 4. Wisconsin mahakama iliyakataza mwaka 2022, ikayaruhusu mwaka 2024. Sanduku ni lile lile, halijafanya kosa lolote.

Na ukihama apatimenti, usitegemee ile fomu ya posta ya kubadili anwani. Barua zako zote zitakufuata, za madeni ndizo za kwanza, lakini karatasi ya kura haihamishwi. Inarudi ofisini. Badilisha anwani kwenye usajili wa kura, na usiache namba ya apatimenti, maana bila hiyo karatasi inaishia kwenye meza ya meneja pamoja na matangazo ya piza.

Ukishatuma, fuatilia. Majimbo mengi yana huduma ya kukutumia ujumbe kura ikifika na ikikubaliwa. Kama saini imegoma, mengi yanakupa nafasi ya kurekebisha. Colorado siku nane baada ya uchaguzi, Washington mpaka siku moja kabla matokeo hayajathibitishwa. Wanakutumia barua na fomu, unasaini, unaweka na kopi ya kitambulisho kama wameiomba, unarudisha.

Na wanapiga simu. Wanapiga kweli, kwenye namba uliyoandika kwenye bahasha, pale ulipopaacha wazi ukasema hawa wanataka nini na namba yangu. Waliojaza nao wanapigiwa na namba wasiyoijua, na Mswahili wa Marekani hapokei namba asiyoijua tangu ashuke uwanja wa ndege. Wiki ile moja baada ya uchaguzi, pokea. Akiuliza kuhusu saini yako, mwache amalize. Akiuliza kuhusu dhamana ya gari lako, mkatie.